Mistari Miwili Niliyoisoma Vibaya

Maneno ya baba mmoja mbele ya wazazi na viongozi wa familia zilizohama, Bunia

Niliombwa kusema juu ya bangi na watoto wetu. Mimi si muganga. Nimekuja na kosa nililofanya katika nyumba yangu mwenyewe, na kijana wangu amenipa ruhusa ya kulisema.

Tulipohama alikuwa na miaka 15. Masomo yalikatika. Asubuhi alitoka kutafuta kazi sokoni, usiku alirudi na macho mekundu, hasemi neno. Mnajua tunavyoishi: hema moja, watu saba, moshi wa kuni. Hata mimi macho yangu yalikuwa mekundu, lakini ya kwake ndiyo niliyatilia shaka. Majirani nao wakaanza kunong'ona kwamba anakaa na wale wa bangi na kanyanga.

Mdogo wangu anaishi Marekani. Alipelekwa kule kutoka kambi ya wakimbizi ya Uganda. Kule vipimo vya dawa za kulevya vinauzwa dukani, na mzazi anavinunua bila karatasi ya muganga, anapima mkojo wa mtoto nyumbani. Nilipomlilia kwa simu, akanitumia vitano kwa mkono wa msafiri. Maelezo yalikuwa kwa Kiingereza, mimi najua Kifaransa kidogo tu. Nikajiambia kwamba kipimo ni kipimo. Kile cha malaria tunakijua sote: wanakutoboa kidole, mstari mmoja huna malaria, mistari miwili unayo.

Basi nikamwamsha usiku. Nikamsimamisha nyuma ya hema akojoe ndani ya kikombe mimi nikimwangalia, wadogo zake wanasikia. Nikachovya, nikangoja dakika tano. Mistari miwili.

Sitasema yote niliyofanya usiku ule. Kulipokucha hakuwepo.

Kwa siku 19 mama yake hakuniangalia usoni. Mtu mmoja alisema amemwona kwenye njia ya kwenda porini, kwa wenye bunduki. Viongozi, njia hiyo mnaijua. Mtoto aliyefukuzwa na baba yake hahitaji kutekwa. Anakwenda kwa miguu yake.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja. Nilimpelekea vile vipimo, nikitaka anisifu, kusema kweli. Akasoma karatasi, akanyamaza, akanipa kikombe: "Papa, nenda ukojoe." Nikafanya. Tukangoja. Mistari miwili. Akaniuliza: "Na wewe unavuta?"

Kipimo hiki kinakwenda kinyume na kile cha malaria. Mistari miwili, hata kama wa pili umefifia, ni kwamba dawa haikuonekana. Mstari ule wa pili ukikosa, ndipo kuna shaka. Na ni shaka tu: maelezo yenyewe yanasema shurti mkojo upelekwe maabara kwa kuhakikisha. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inaweza kumwonyesha mtoto kama mtumiaji wa afyuni. Rifampisini, ile ya kifua kikuu, inaweza vilevile kudanganya kipimo hicho. Na efavirenzi, ambayo wengi walimeza kwa miaka juu ya ukimwi, inaweza kudanganya kipimo cha bangi. Fikirini kijana anayefichia majirani ugonjwa wake, halafu baba anamwita mvutaji.

Kuna upande wa pili. Anayevuta bangi kila siku inaweza kuonekana katika mkojo wake mwezi mzima baada ya kuacha. Aliyevuta mara moja, siku chache tu. Pombe inapita katika saa chache. Gundi wanayonusa watoto wa barabarani haionekani kabisa, na tramadoli haionekani katika kipimo cha kawaida cha afyuni; inataka kipimo chake. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa katika hatari na kipimo kikasema yuko salama. Huko Marekani kwenyewe, chama cha waganga wa watoto kiliandika mwaka 2007 kwamba kina mashaka na vipimo vya nyumbani, na kwamba vinaweza kuharibu uhusiano wa mzazi na mtoto. Mimi nilihitaji siku 19 kwa kujifunza hilo.

Tulimkuta kwa shangazi yake. Wazee wawili walikaa kati yetu tangu asubuhi hadi jua lilipoinama. Niliomba msamaha kwanza, na hilo halikuwa rahisi mbele ya dada yangu. Ndipo akasema. Alikuwa anashusha magunia ya makaa usiku, vumbi linamwingia machoni. Bangi aliivuta mara moja, zamani kidogo, na wenzake wa kazi, kusudi asisikie uzito. Jambo hilo hakuna kipimo ambacho kingeniambia. Aliniambia mwenyewe, kwa sababu siku ile nilikuwa nimeuliza nikiwa nimekaa chini.

Sasa nasikia wengine wanataka kamati ipime vijana wote wa kambi na kuandika majina. Ndugu zangu, mimi nakataa. Karatasi ile itasomwa na nani? Leo iko kwa kamati, kesho iko kwa askari, keshokutwa kwa anayetafuta vijana wasio na mtu wa kuwatetea. Kama mtoto amebadilika, hasomi tena, haleti usingizi, anaiba, mpelekeni kwa muuguzi pamoja naye akikubali, na muguse na sababu: kazi ya usiku, njaa, mambo aliyoyaona tulipokimbia.

Vipimo vitatu vilivyobaki nimeviacha kwa muuguzi. Kijana wangu hakuja leo, yuko kazini, lakini mchana sasa. Anajifunza kushona kwa fundi karibu na soko. Mama pale nyuma, naona umeinua mkono tangu mwanzo. Uliza.