Mama, Ongea na Mutoto Wako

Leo, mbele ya kupima watoto kilo, ninataka tuzungumze juu ya kitu kisichouzwa sokoni wala kuomba franka hata moja. Ni kuongea na kucheza na mutoto mudogo, tangu siku anapozaliwa.

Mama mmoja aliniuliza: «Nitaongea naye namna gani, naye hajui neno hata moja?» Ulizo lake ni zuri. Sikilizeni.

Mutoto anaanza kusikia angali tumboni. Siku anapozaliwa, amekwisha kujua sauti ya mama yake. Macho yake hayaoni mbali. Anaona vizuri kitu kilicho karibu, kama sentimetre 20 mpaka 30. Pima mwenyewe: ni pale toka ziwa lako mpaka uso wako. Basi wakati anaponyonya, anakutazama. Kama wewe unatazama simu tu, anatazama uso usiomujibu.

Na ubongo wake unakua mbio. Akifikisha miaka 2, umefika karibu robo tatu ya ukubwa wa ubongo wa mutu mukubwa. Chakula kinaujenga. Maneno, kicheko, kushikwa na kujibiwa vinaufundisha kazi yake.

Sasa niwaambie kosa langu mimi mwenyewe. Nilipokuwa muuguzi kijana, tulipokea mutoto mwenye bwaki. Miguu ilivimba, hakucheka, na kila mara tulipoleta kikombe cha maziwa aligeuza uso. Mama yake alichoka, aliketi kimya. Dada ya mutoto, musichana wa karibu miaka 8, alikuwa anapanda kitandani, anamupigia makofi, anamuita jina. Nikamufukuza, nikisema analeta makelele. Kesho yake mutoto alikataa kikombe tena. Muuguzi mmoja mzee akaniambia: «Muite yule musichana.» Akarudi, akashika kikombe, akaongea naye polepole. Mutoto akamuangalia, akakunywa kidogo. Siku zilizofuata akakunywa zaidi. Maziwa na dawa ndivyo vilimuponyesha, lakini musichana ndiye alimusaidia kuvipokea. Kucheza na mutoto na kumuonyesha upendo ni moja ya hatua 10 ambazo OMS, Shirika la Afya Ulimwenguni, linafundisha kwa kutunza mutoto mwenye utapiamlo mukali.

Katika muji wa Kingston, inchi ya Jamaica, kazi kama hiyo ilianza miaka ya 1986 na 1987 kwa watoto wadogo waliodumaa. Saa moja kila juma, kwa miaka 2, mutu alikuja nyumbani kumuonyesha mama namna ya kucheza na mutoto kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mikono. Watoto hao walipofika karibu miaka 22, walipata mushahara uliozidi wa wenzao wasiochezeshwa hivyo kwa robo nzima.

Basi, mama, fanya hivi:

1. Anaponyonya, muangalie machoni, muite jina. Akisema «aaa», mujibu, kisha ngoja. Mupe nafasi aseme tena.

2. Akiwa mugongoni, mukienda shamba, muambie unachoona: mbuzi, muto, mvua inayokuja. Ukitwanga sombe, mulaze karibu na uzungumze naye.

3. Toka miezi 6, mupe gobele ya plastiki na kijiko apige. Funika uso wako kwa kikwembe, kisha ufunue, utaona atakavyocheka. Lakini usimupe mbegu, ushanga ao mawe madogo: vinaweza kumukaba koo.

4. Baba naye amubebe na kuongea naye. Wakubwa zake wacheze naye. Hii si kazi ya mama peke yake. Na redio haitoshi, kwa sababu haimujibu mutoto.

Kama mutoto wa miezi 3 hachekelei mutu anayemuchekea, ao hashituki kwa makelele makubwa, ao wa miezi 9 hasemi hata «ba-ba-ba», usingoje na usione haya. Mulete, tuangalie masikio na macho yake.

Na wewe mama, kama tangu uzae moyo wako ni muzito, unalia bure, hutaki hata kumuangalia mutoto, tuambie. Si ubaya wako. Ni ugonjwa, na tunaweza kukusaidia.

Sasa, mbele ya kupima kilo, kila mama ageuze mutoto wake, amuweke karibu na uso, amusalimie kwa jina lake. Mutazame macho yake. Mutaona ya kuwa alikuwa anawangojea.