Gari Lisiloitikisa Ardhi

Mwezi Februari mwaka 2000, mto Limpopo ulifurika kusini mwa Msumbiji. Mafuriko hayo yaliua mamia ya watu na kubomoa barabara. Tena yalizusha hofu nyingine: kwamba mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita yamesombwa na maji na kuachwa mahali pasipo alama. Katika hali kama hiyo mteguaji wa mabomu hukabiliwa na maswali mawili kabla hajashika kifaa chochote. Atafikaje kwenye bomu na zana zake bila ya gari kuzama topeni? Na atafikaje bila ya gari hilo hilo kulilipua?

Swali la kwanza lilikwisha kupata jibu huko Scotland, tangu miaka ya 1950. Kampuni ya James A. Cuthbertson, ya mji wa Biggar, ilichukua Land Rover ya kawaida, gari ambalo kila askari wa Afrika Mashariki analifahamu, ikayaondoa magurudumu yake. Chini ya gari ilifungwa fremu ya chuma yenye minyororo minne ya mpira, mmoja katika kila pembe. Palipokuwa na gurudumu pakawekwa gurudumu la meno lililozungushwa na ekseli na kuuvuta mnyororo. Minyororo miwili ya mbele iligeuka kwa usukani. Gari hilo lilifaa kwa vinamasi na misitu, na baadhi yalitumiwa na majeshi ya Uingereza katika kazi ya kuondoa mabomu kwenye ardhi laini.

Siri yake ni hesabu nyepesi. Tuseme gari lina uzito wa kilo 3,000, na kila mnyororo unagusa ardhi kwa eneo la sentimita mraba 4,000. Kila sentimita mraba ya ardhi itabeba chini ya robo ya kilo. Sasa mtazame askari wa kilo 70 anayetembea. Uzito wake wote hukaa juu ya wayo mmoja wa sentimita mraba 200 hivi, yaani zaidi ya theluthi moja ya kilo kwa kila sentimita mraba. Gari la tani tatu, basi, hukanyaga kwa wepesi kuliko buti la askari.

Hata hivyo, asije mtu akadanganyika. Mnyororo huutawanya uzito, lakini hauuondoi. Bomu la kutegea watu huhitaji kilo chache tu ili lilipuke, na mnyororo ukilipita utalilipua. Gari la Cuthbertson lilikuwa la kumfikisha fundi karibu na kazi yake. Halikuwa ngao yake.

Swali la pili lilijibiwa karibu zaidi na Msumbiji, tena na upande usiotarajiwa. Wakati wa vita vya ukombozi wa Zimbabwe, barabara za vumbi za Rhodesia zilitegwa mabomu ya kulipua magari. Mabomu ya aina hiyo kwa kawaida husubiri uzito wa zaidi ya kilo 100. Mwaka 1976 majeshi ya walowezi yalianza kutumia gari dogo lililoitwa Pookie, lenye injini ya Volkswagen na matairi mapana ya magari ya mashindano. Uzito wake ulikuwa mdogo na umetandazwa kiasi kwamba liliweza kupita juu ya bomu bila ya kuliamsha, huku vyombo vyake vikimwashiria dereva kwamba pana chuma chini. Utawala ule ulianguka, na ulistahili kuanguka. Lakini elimu haina kabila wala chama. Mwenye akili huichukua hata mikononi mwa adui.

Msumbiji yenyewe ilitangaza tarehe 17 Septemba, 2015, kwamba imeondoa mabomu yote ya kutegwa ardhini yaliyojulikana nchini. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 20 tangu mkataba wa amani wa mwaka 1992. Zilitumika mashine, mbwa, na panya waliofunzwa Morogoro nchini Tanzania. Juu ya hayo yote ilitumika mikono ya watu waliopiga magoti na kuichunguza ardhi shubiri kwa shubiri.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa askari na polisi. Chombo huchaguliwa baada ya kuijua ardhi na kulijua bomu, si kabla. Kinamasi hudai mnyororo. Barabara ya vumbi hudai gari jepesi. Shamba lililotegwa mabomu ya watu hudai subira. Gharama si hoja kuu, kwani Land Rover na injini ya Volkswagen hazikuwa vitu vya ajabu. Ajabu ilikuwa ni mafundi waliouliza swali sahihi kabla ya kushika spana. Kikosi kisichouliza swali hilo kitapewa jibu na bomu lenyewe.