Deksamethasoni na Kifua Kinachobana

Msikilizaji, ingia duka la dawa la mtaani useme mafua hayaishi na kifua kinabana. Si ajabu ukafungiwa vidonge mchanganyiko: antibiotiki, cha kikohozi, na kimoja kidogo cha deksamethasoni. Cheti cha daktari hukuulizwa, na hakuna aliyekupima. Leo nina maneno na hicho kidogo.

Juni 2020, jaribio la RECOVERY nchini Uingereza, lililoongozwa na Peter Horby na Martin Landray wa Chuo Kikuu cha Oxford, lilitoa majibu yaliyobadili matibabu ya UVIKO-19. Wagonjwa 2,104 waliolazwa walipewa deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku, wakalinganishwa na 4,321 waliotibiwa bila dawa hiyo. Kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka 41 kwa kila 100 hadi 29. Dawa ya zamani, ya bei ndogo! Waliohitaji oksijeni tu nao walinufaika, kwa kiasi kidogo zaidi. Ila waliokuwa hawahitaji oksijeni hawakupata faida yoyote: kati yao walikufa 18 kwa kila 100 waliopewa dawa, na 14 kwa kila 100 ambao hawakupewa. Tofauti hiyo huenda ni bahati tu, lakini nafuu haikuonekana.

Deksamethasoni haiui virusi. Inanyamazisha kinga ya mwili. Virusi vikishavamia seli zilizotanda kwenye njia ya hewa, seli hizo hutoa kemikali za kuomba msaada. Mishipa midogo ya damu inalegea, majimaji na seli nyeupe zinapenya hadi kwenye pafu. Uvimbe huo ni wa faida, kwani bila huo virusi havimalizwi. Kwa wengi kazi ikiisha, mabaki yanasafishwa na pafu linakauka. Kwa wachache, kinga haikomi. Katika UVIKO-19 hali hiyo huja zaidi wiki ya pili: virusi vimeshapungua, mishipa bado inavuja, na vifuko vya hewa, ambavyo kuta zake ni nyembamba kuliko karatasi, vinajaa maji. Mgonjwa anavuta hewa, oksijeni haivuki kuingia kwenye damu.

Hapo ndipo kidonge kile kinaokoa maisha. Lakini ukikimeza siku ya pili ya ugonjwa, unaizuia kinga wakati virusi vinazaliana kwa kasi. Ukiwa na kisukari, sukari inapanda. Ukiwa na vimelea vya TB vilivyolala, matumizi ya muda mrefu yanaweza kuviamsha.

Muuzaji simlaumu peke yake. Mteja anataka nafuu leo, na deksamethasoni humpa: homa inashuka, hamu ya kula inarudi, anarudi kazini akisifia dawa. Kumbe kilichotulia ni dalili.

Kinachoamua ni oksijeni kwenye damu, nayo hupimwa kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Shirika la Afya Duniani linahesabu UVIKO-19 kuwa mkali ikiwa chini ya asilimia 90. Kama kifaa hakipo, mtazame mgonjwa: anahema haraka ilhali amekaa, hamalizi sentensi bila kukatisha avute pumzi, midomo inabadilika rangi. Huyo msimpeleke dukani, mpelekeni hospitali yenye oksijeni, usiku uleule.