Mwenye Amri ya Kusema "Turudi"

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, ukumbini shuleni)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme machache juu ya kupanda milima mirefu, nilidhani amekosea anwani. Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni mafaili na mikutano, na mlima niupandao mara nyingi ni ngazi za ofisini siku ambayo lifti imeharibika. Lakini Katibu alikuwa na sababu. Umoja wetu umekubali kugharimia safari ya wanafunzi kumi na wawili kupanda Kilimanjaro wakati wa likizo ya Desemba, naye alikuwa amesikia kwamba mimi nimewahi kwenda. Nimelipokea ombi lake kwa sababu ninayo hoja ya kuleta mbele yenu kuhusu safari hiyo. Hoja yenyewe nitaitoa mwishoni. Kwanza mniruhusu nieleze safari hizi za kuongozwa ni kitu gani, na zimewafundisha nini watu waliotutangulia.

Desturi ya kuongozwa mlimani ni ya zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mlima Mont Blanc, ulioko mpakani mwa Ufaransa na Italia, una urefu unaozidi mita 4,800. Ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1786 na watu wawili wa bonde la Chamonix, Jacques Balmat na daktari Michel-Gabriel Paccard. Baada yao wakaja wageni wenye fedha, nao wakawaajiri wenyeji wa bonde hilo wawaonyeshe njia. Mwaka 1820 alikwenda huko mtaalamu mmoja kutoka Urusi, Dk. Joseph Hamel, pamoja na viongozi kadhaa. Viongozi waliiona hali kuwa si njema wakapenda kurudi. Mgeni akapenda kuendelea, na kundi likaendelea. Theluji ikaporomoka ikawafukia viongozi watatu. Mgeni alisalimika. Mwaka uliofuata, 1821, viongozi wa Chamonix waliunda chama chao chenye kanuni za kazi na mfuko wa kusaidiana, na chama hicho kipo hata leo.

Nawaomba vijana mlishike jambo hilo. Siku ile mlimani, aliyekuwa na ujuzi hakuwa na amri, na aliyekuwa na amri hakuwa na ujuzi. Mambo mengi yaliyoharibika katika safari za namna hii tangu wakati huo yametokana na kasoro hiyo moja.

Sasa tuuangalie Everest, mlima mrefu kupita yote duniani, wenye mita 8,848. Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay walifika kileleni tarehe 29 Mei, 1953, wakiwa katika msafara mkubwa wa Waingereza. Tenzing alikuwa ameanza kazi mlimani hapo kama mpagazi mwaka 1935. Mwaka 1952 alipanda na Waswisi, yeye na Raymond Lambert wakakaribia mita 8,600, kisha wakageuka. Kama wasingegeuka mwaka ule, huenda mwaka 1953 jina lake tusingelisikia.

Kwa miaka mingi Everest ulikuwa mlima wa mabingwa tu. Mambo yalibadilika mwaka 1985, Mmarekani Dick Bass, mfanyabiashara wa miaka 55, alipofika kileleni akiwa na mpandaji hodari David Breashears, na hivyo kuwa mtu wa kwanza kukamilisha vilele virefu vya mabara saba. Watu wenye uwezo wakaona kumbe inawezekana. Katika miaka ya 1990 yakatokea makampuni yaliyowachukua wateja kwa makundi: kampuni inaleta viongozi, wapagazi, wapishi, mahema, kamba na mitungi ya oksijeni; mteja analeta miguu yake na fedha. Mwaka 1996 kiongozi mashuhuri kutoka New Zealand, Rob Hall, alitoza dola 65,000 kwa mtu mmoja.

Hall alikuwa kiongozi makini. Kanuni yake ilikuwa kwamba ikifika saa iliyopangwa, haidhuru umebakiza mita ngapi, unageuka. Mwaka 1995 aliwageuza wateja wake wakiwa wamebakiza kiasi cha mita mia moja tu. Mmoja wao alikuwa mfanyakazi wa posta huko Marekani. Hall alimshawishi ajaribu tena, naye akarudi mwaka 1996. Tarehe 10 Mei mwaka huo, saa ya kugeuka ilipita. Saa 8 mchana ilipita. Mtu wa posta alifika kileleni yapata saa 10, na Hall alikuwa amemngojea. Jioni ile dhoruba ikaja. Wote wawili hawakurudi. Katika dhoruba hiyo walikufa watu wanane mlimani pale, akiwamo Scott Fischer, kiongozi wa kundi jingine.

Simlaumu marehemu. Ni nani kati yetu ambaye angemwambia mtu yule mara ya pili kwamba arudi nyumbani mikono mitupu? Lakini hayo yanayosimuliwa sana yasitusahaulishe jambo jingine. Wateja watatu wa kundi lile lile la Hall waligeuka kabla ya saa 6 mchana, mbingu zikiwa bado nyeupe, kwa sababu walipiga hesabu ya saa wakaona haitoshi. Wote watatu walirudi kwao wazima.

Ndugu zangu, kwa nini neno "turudi" ni gumu kusemwa na gumu zaidi kusikiwa? Fedha ni sababu moja, na aibu ni ya pili. Sababu ya tatu ni hewa yenyewe. Kileleni mwa Kilimanjaro msukumo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani. Kileleni mwa Everest ni kama theluthi moja. Mwili huweza kuzoea, lakini huzoea kwa siku, si kwa saa. Ndiyo maana wapandao kwa njia ya Machame hupelekwa hadi Lava Tower, kiasi cha mita 4,600, kisha wakashushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni mambo ya kawaida huko. Yanayoua ni mawili: maji kujaa mapafuni na ubongo kuvimba. Hili la pili lina hila, kwa kuwa huanza kuharibu kile kile chombo ambacho ungekitumia kutambua kwamba unaumwa. Tiba yake kubwa ni kushuka, tena mara moja.

Haya sikuyasoma vitabuni tu. Mwaka 2018 nilijiunga na kundi la wateja wanane, na kabla ya kuondoka nilikuwa nimekwisha watangazia wenzangu ofisini kwamba nitawaletea picha ya Kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kiongozi wetu alikuwa mtu wa makamo, mpole. Njiani aliniambia kwamba aliishia darasa la saba, akaanza kubeba mizigo, kisha akasoma hatua kwa hatua mpaka akapata leseni. Nami, kwa ujinga wangu, nilimtajia shahada yangu ya chuo kikuu.

Tuliondoka kambi ya Barafu usiku wa manane. Yapata saa 10 alfajiri, tulipokuwa karibu mita 5,500, aliniita kando. Akaniambia nitembee hatua kumi katika mwanga wa tochi yake, kisigino kikigusa kidole. Nikapepesuka kama mlevi. Akaniuliza majina ya watoto wangu kwa kufuatana. Ninao watatu, nikawataja wawili.

"Kaka," akasema, "wewe leo umefika. Unashuka na msaidizi wangu."

Nikamwambia kwamba nimelipa. Akanyamaza. Ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu mpaka leo. Nilimsogelea nikamnong'oneza kwamba akiniacha niendelee, nitampa bakshishi mara tatu ya wengine. Mimi, mtumishi wa umma, ambaye ofisini kwangu kuna bango ukutani linalosema ofisi hii haipokei rushwa.

Akanitazama, akasema, "Kaka, ukifa, hiyo bakshishi nitaidai kwa nani?"

Nilishushwa nikinung'unika. Tulipofika kambini nikagundua kwamba glavu yangu ya kushoto sinayo, na sikuweza kukumbuka niliivua lini wala wapi. Vidole vilikuwa vyeupe. Msaidizi yule kijana alivipasha moto kwapani mwake, bila kusema neno, mpaka vikaanza kuuma. Kufikia mchana, tulipokuwa tumeshuka zaidi, akili ilinirudia, na jina la mtoto wangu wa tatu likarudi pamoja nayo.

Siku ya kuagana langoni nilimpa kiongozi bakshishi ya kawaida, tena kwa uso uliokunjamana. Ofisini nilisema kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya. Kileleni sijafika mpaka leo. Hali ya hewa usiku ule, ndugu zangu, ilikuwa safi, na nyota zilijaa mbingu nzima.

Methali ya asiyesikia la mkuu tumeimba sote tangu shule ya msingi. Usiku ule nilijifunza kwamba mkuu si lazima awe mwenye cheo au mwenye fedha. Mkuu ni yule ajuaye mahali mlipo.

Sitatenda haki nisipowataja wapagazi. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa kwenye mzani, na kanuni ya Hifadhi ni kilo 20. Mteja hupita na chupa ya maji na koti. Mpagazi humpita akiwa na hema, jiko na unga, na mteja akifika kambini hukuta chai tayari. Kule Everest, tarehe 18 Aprili, 2014, barafu iliporomoka njiani ikawaua watu 16, wote wafanyakazi wa Nepal waliokuwa wakiwaandalia wateja njia. Picha za kileleni tunazoning'iniza ukutani hazionyeshi nusu ya watu waliotufikisha.

Sasa hoja yangu, Ndugu Mwenyekiti. Katika makaratasi ya mkutano huu nimeona mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba safari iwe ya siku tano ili kupunguza gharama. La pili ni kwamba kila kijana atakayefika Uhuru apewe zawadi, na jina lake liandikwe kwenye ubao wa heshima ukumbini humu. Najua yametolewa kwa nia njema. Hata hivyo naomba yote mawili yakataliwe.

Kuhusu siku, tulipe siku saba au zaidi. Siku tunazozipunguza ndizo ambazo mwili huzitumia kuzoea. Kama fedha hazitoshi, wapelekwe vijana wanane badala ya kumi na wawili, na wengine waende mwaka unaofuata.

Kuhusu ubao, aidha yaandikwe majina yote ya watakaokwenda au lisiandikwe hata moja. Tukiweka zawadi kileleni, tutakuwa tumemnong'oneza kila kijana kile nilichomnong'oneza kiongozi wangu. Mtoto wa miaka kumi na saba, mwenye kichwa kinachomgonga na jina lake likimngoja ukutani, hatasema kwamba anaumwa. Atanyamaza apande.

Naongeza la tatu: iandikwe tangu mwanzo kwamba neno la kiongozi wa mlima ni la mwisho, juu ya wanafunzi, juu ya mwalimu atakayefuatana nao, na juu yetu sisi tuliolipa. Tena kabla ya kuchagua kampuni tuulize wapagazi wake wanalipwaje, wanakula nini na wanalala wapi.

Vijana, msidhani nawavunja moyo. Nendeni. Hans Meyer alijaribu Kilimanjaro mwaka 1887 akashindwa akarudi. Alikuja tena mwaka 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller, safari hii akiwa amepanga kambi zenye akiba ya chakula ili aweze kujaribu zaidi ya mara moja, na mwezi Oktoba wakafika. Baadhi yenu mtafika, na tutafurahi pamoja nanyi. Baadhi mtaambiwa mgeuke. Mkiambiwa, mwulizeni kiongozi mnashuka na nani, mfunge glavu zenu vizuri, mshuke. Mkirudi hapa mtuambie ukweli, wala msisingizie hali ya hewa.

Kwa hayo machache, Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja yangu ijadiliwe na kupigiwa kura.