Betri ya Gari la Chama: Kuihamisha kwa Akili na kwa Hesabu

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya daftari la fedha, stakabadhi na mizania. Leo nitazungumza juu ya betri. Najua wapo watakaojiuliza mkaguzi ana lipi la kusema katika kazi iliyo ya fundi. Jibu langu ni kwamba nimewahi kuandika taarifa ya ukaguzi yenye kosa la betri ndani yake, na kosa hilo lilikuwa langu.

Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kina pikapu ya Land Rover ya Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Gari ni zee, lakini bado linapanda milima yetu wakati wa masika. Betri yake ilikaa chini ya boneti, ikipata joto la injini, na mara mbili iliibwa usiku. Bodi ikaamua ihamishiwe nyuma ya kebini, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Uamuzi huo haukuwa mbaya. Fundi alileta makadirio mawili: moja la waya mnene, fyuzi na swichi ya kukatia umeme; jingine la waya mwembamba peke yake. Bodi ikachagua la pili kwa kuwa lilikuwa nafuu. Nilipokagua hati za malipo niliandika kwamba Bodi inastahili pongezi kwa kubana matumizi. Maneno hayo yamo katika faili hadi leo.

Miezi minne baadaye, gari likiwa limebeba magunia ya kahawa, moshi ulianza kutoka chini ya kiti cha kushoto. Waya ulikuwa umepitishwa katika tundu la bati lisilo na mpira. Kila mtikisiko wa barabara uliusugua, mpaka shaba ikagusa bodi ya gari. Hapakuwa na fyuzi ya kukata mkondo. Betri ilikuwa ndani ya sanduku, sanduku lina kufuli, na ufunguo ulikuwa umefungwa pamoja na ule wa kuwashia gari. Kufuli lililowazuia wezi likawazuia pia waokoaji. Kijana utingo aliushika waya kwa mikono ili aung'oe. Viganja vyake vina kovu mpaka sasa. Moto ulizimwa kwa mchanga kabla haujafika upande wa kulia, ambako chini ya kiti cha dereva ndiko liliko tangi la petroli. Lakini mkoba wa Katibu ulikuwa juu ya kiti cha kushoto, na kitabu cha stakabadhi za wiki ile kiliungua. Wakulima waliopima kahawa yao wiki hiyo walisubiri malipo mpaka madai ya kila mmoja yalipothibitishwa mbele ya mashahidi. Hiyo ndiyo hasara ya waya wa bei nafuu.

Sasa tuitazame kazi yenyewe.

Kwanza, tujiulize kama kuna haja. Sababu za haki zipo. Joto ni adui wa betri: mafundi huhesabu kwamba, joto likizidi nyuzi 25 za Selsiasi, kila nyuzi 10 zaidi hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Sababu nyingine ni wizi, asidi inayokula bati la mbele, au betri kubwa isiyoenea mahali pa zamani. Lakini kama tatizo ni vichwa vilivyolegea au maji ya betri yaliyopungua, kuihamisha ni kuuhamisha ugonjwa pamoja na mgonjwa.

Pili, mahali. Betri ya risasi na asidi ya gari kama hilo yaweza kufika kilo 20. Ikiachwa bila kufungwa, shimo moja la barabara laweza kuipindua. Ifungwe kwa ukanda wa chuma uliokazwa kwa nati, juu ya kitako kilichoshikwa kwenye chuma imara, wala si kwenye bati jembamba. Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, nayo huweza kulipuka ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa. Hivyo sanduku liwe na matundu juu na chini, na likiwa ndani ya kebini, pawe na mpira wa kuitoa hewa hiyo nje. Betri ikiwekwa chini ya kiti, vichwa vyake vifunikwe, kwa sababu springi za kiti zikikandamizwa na abiria mzito huweza kuvigusa vyote viwili. Isiwekwe kamwe jirani na tangi la mafuta.

Tatu, waya. Hapa ndipo hesabu inapoingia, na hesabu ni kazi yetu. Chini ya boneti, waya wa kwenda kwenye stata haukufika mita moja. Kutoka nyuma ya kebini hufika mita 4. Tuchukue kwamba stata inavuta ampea 200. Waya wa shaba wa milimita za mraba 10 utapoteza njiani karibu volti 1.4 kati ya volti 12, nao utapata moto. Waya wa milimita za mraba 35 utapoteza volti 0.4 tu. Stata isiyopata volti za kutosha huzunguka kwa uzito, dereva hurudia kuwasha, na betri hufa mapema. Nasi tulisema tunaihamisha ili idumu! Aidha, njia ya kurudi isisahauliwe: waya wa ethi uwe mnene vilevile, ufungwe kwenye chuma kilichopalizwa rangi na kutu, na pawe na waya mwingine mnene kati ya injini na chasisi.

Nne, kinga. Kila tundu la bati liwe na mpira. Waya uvikwe bomba, ufungwe kila baada ya sentimita 30 hivi, mbali na bomba la moshi. Fyuzi kubwa inayomudu mkondo wa stata iwe karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Swichi ya kukatia umeme iwe mahali ambapo dereva aifikia bila ufunguo.

Tano, mwenendo wa kazi. Fundi aondoe kwanza waya wa ethi, naye aurudishe mwisho, ili spana ikigusa bodi pasitokee cheche. Kwenye magari mengi ethi ni hasi. Lakini Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa ethi upande wa chanya. Mwenye gari kama hilo atazame kabla ya kugusa, kwani betri ikifungwa kinyume, altaneta iliyowekwa baadaye huungua mara moja.

Ndugu Makatibu, ninyi si mafundi, nami si fundi. Lakini kuna kipimo kimoja ambacho kila Katibu aweza kukishuhudia. Kabla ya kulipa, mwambieni fundi aweke ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri, na nyingine kwenye bolti ya stata inayopokea waya ule. Kisha dereva awashe gari. Mita isizidi nusu volti. Andikeni tarakimu hiyo katika daftari la gari, pamoja na unene wa waya, ukubwa wa fyuzi na jina la fundi. Makadirio yote mawili yasomwe katika kikao, na sababu ya kuchagua moja iandikwe katika kumbukumbu. Kampuni ya bima nayo ipewe taarifa ya badiliko hilo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chama kile sasa kina waya mnene, fyuzi na swichi. Nami nimeandika taarifa ya nyongeza, nikiifuta pongezi yangu na kueleza kwa nini. Tangu hapo, nikikuta hati ya malipo iliyo nafuu mno, kabla sijasifu huuliza kwanza ni kitu gani kilichoachwa.