Tembea na Mwenye Huzuni
Somo: 1 Wafalme 19:1-8



Leo twataka kuanza kwa kuungama kosa letu. Katika parishi tuliyokuwa tukiitumikia palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, Mkristo thabiti. Alipofiwa na mkewe, alianza kujifungia nyumbani. Usingizi ulimpotea, chakula hakikumpendeza, shamba lake likaota magugu. Tulikwenda na Biblia, tukasoma, tukaomba, tukamwambia aongeze imani. Kisha tukaaga, tukaenda zetu. Tuliporudi tulimkuta amezidi kudhoofika, kwa maana sasa alikuwa na mizigo miwili: huzuni yake, na hofu kwamba Mungu amemkataa.

Ndugu wapendwa, hebu tumtazame nabii Eliya. Huyu ndiye aliyesimama peke yake mbele ya manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli. Lakini Yezebeli alipotishia kumwua, alikimbia, akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani. Akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Je, Mungu alimkemea kwamba hana imani? La. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala. Kisha akatembea siku 40 mpaka mlima Horebu. Huko ndiko Mungu aliposema naye kwa sauti ya upole. Mwili ulihudumiwa kwanza: usingizi, chakula, na safari ya miguu.

Huzuni nzito isiyoondoka, ambayo wengine huiita sonona, ni ugonjwa. Si uvivu, wala si dhambi ya siri. Na waganga wa siku hizi wamethibitisha kwamba mwili ukitembea, moyo nao husaidiwa. Mwaka 1999 madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, huko Marekani, walitoa habari za watu 156 wenye sonona, wa umri wa miaka 50 na zaidi. Kundi moja lilipewa dawa. La pili lilifanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, mara 3 kwa wiki. La tatu lilipata vyote viwili. Baada ya wiki 16, makundi yote yalikuwa yamepata nafuu iliyokaribiana.

Hatusemi mtu atupe dawa zake. Aliyeandikiwa dawa na daktari azimeze kama alivyoagizwa. Na mtu akisema kwamba ni afadhali afe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali upesi. Twasema tu kwamba kutembea nako ni tiba, na haiuzwi dukani.

Wengine watatukumbusha kwamba Paulo alimwandikia Timotheo kuwa mazoezi ya mwili yafaa kidogo. Ni kweli, lakini alikuwa akiyapima na utauwa, wenye faida hata milele. Hakusema hayafai kitu. Na kwa mtu aliyezama, kidogo hicho ni kamba ya kumvuta.

Je, yule mwalimu alipataje nafuu? Jirani yake, mzee wa kanisa asiye na elimu kubwa, alibisha mlangoni alfajiri moja akasema, "Mwalimu, nisindikize kupeleka maziwa. Mguu wanisumbua, sipendi kwenda peke yangu." Siku ya kwanza walifika langoni tu, mwalimu akarudi. Kesho yake mzee alibisha tena. Baada ya majuma kadhaa walikuwa wakifika kituo cha maziwa, wakiongea na watu njiani. Mwalimu alikubali pia kwenda kumwona daktari. Hata leo ana siku zake ngumu, lakini usingizi umerudi, na shamba lake limelimwa.

Mzee yule alifahamu jambo ambalo sisi hatukufundishwa chuoni. Kumwambia mwenye huzuni, "Nenda ukafanye mazoezi," ni kumwongezea mzigo, kwa kuwa nguvu za kuinuka ndizo alizozikosa. Lakini "Twende pamoja" ni neno jingine kabisa.

Shirika la Afya Duniani lawashauri watu wazima watembee kwa haraka, au wafanye kazi ya kiasi hicho, dakika 150 au zaidi kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku 5. Asiyeweza aanze na dakika 5. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, juma hili, ni nani katika kanisa lako ambaye hajaonekana siku nyingi? Kabisheni mlangoni pake.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Eliya jangwani, uwainue waliolala chini kwa huzuni, nasi utupe miguu ya kwenda pamoja nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.