Mtoto Asiye na Tundu la Haja: Mhadhara juu ya Kasoro Zinazoandamana



Katika kila watoto 5,000 hivi wanaozaliwa hai, mmoja huja duniani hali tupu yake ya nyuma imeziba, au imefunguka pasipo mahali pake. Na mkunga anapomfunua ili amwoshe, ndipo hugundua kwamba pale panapostahili tundu pana ngozi laini isiyo na mlango. Fadhaa ya saa ile naijua, maana nimeitwa mara nyingi usiku wa manane, na swali la baba huwa ni lile lile: “Daktari, mtamtoboa lini?” Swali hilo ni la haki, wala simlaumu mwenye kuliuliza, lakini nimekuja kuwaomba tulicheleweshe kidogo, kwa kuwa tundu lililokosekana si maradhi yote ya mtoto yule, na aghalabu silo lenye kumwua.

Matabibu wa kale walilitazama tundu peke yake. Paulo wa Aegina, aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 7, aliagiza utando upasuliwe kwa kidole, na kidole kisipofaa, kwa kisu. Naye az-Zahrawi wa Kurtuba, ambaye kitabu chake at-Tasrif kilikuwa nuru ya wapasuaji kwa karne nyingi, alilishughulikia jambo hilo hilo. Mwaka 1835, mjini Paris, mpasuaji Amussat aliuteremsha utumbo wenyewe akaushona kwenye ngozi. Na mwaka 1982 wapasuaji Peña na de Vries walitangaza njia ya kupasua kwa nyuma, katikati kabisa, ili misuli ya kujizuia ionekane kwa macho. Yote hayo ni fahari ya haki. Hata hivyo, takriban nusu ya watoto hawa, na katika hesabu nyingine zaidi ya nusu, wana kasoro nyingine mwilini.

Mimba ikiwa na majuma 4 hadi 8, chumba kimoja cha nyuma, ambamo njia ya mkojo na njia ya haja kubwa zimechangamana, hugawanyika sehemu mbili. Na katika siku zizo hizo moyo unajigawa vyumba, figo zinachipuka, na pingili za mgongo na mikono na miguu zinafanyika. Basi si ajabu kilichovuruga kazi moja kikavuruga na ya jirani. Mkusanyiko huo umepewa jina la VACTERL, herufi za kigeni za pingili, tupu ya nyuma, moyo, koo la pumzi na umio, figo, na viungo. Na mwenye kasoro tatu katika hizo huhesabiwa humo. Katika watoto walio wengi hapana sababu moja iliyothibitishwa. Kwa hiyo, enyi majirani na mawifi mnaomlaumu mama, mwacheni apumue.

Kwenye figo nataka nikae, maana figo haina kilio. Pengine ni moja tu, pengine mkojo hurudi juu kutoka kibofuni ukaiharibu kidogo kidogo, ilhali mtoto anacheza. Nilimwona kijana aliyetengenezwa tundu kwa ustadi utotoni, na kovu lake lilikuwa safi, lakini hapana aliyezipima figo zake, hata alipokuja kwetu amevimba uso, zikiwa zimekwisha. Aliyemtibu alikuwa fundi hodari. Alitazama mahali pamoja tu.

Wala si figo peke yake. Moyo husikilizwa na kupigwa picha kabla ya dawa ya usingizi. Umio hujaribiwa kwa mpira mwembamba hadi tumboni, kabla mtoto hajapewa hata tone la maziwa. Uti wa mgongo, ambao kwa mtoto mmoja hivi katika wanne huwa umenaswa chini, huonekana kwa mawimbi ya sauti katika miezi 3 ya kwanza, mifupa ikingali laini. Na nafasi ya kuyafanya hayo ipo, maana mtoto ambaye utumbo wake haujatoboka huweza kungojewa saa 24, akitiwa maji mshipani, ili ijulikane kama kinyesi cha kwanza kitatokea kwenye ngozi au katika mkojo.

Nawasihi ninyi mlioko wilayani, wakunga na matabibu: mkisha kumwandikia mtoto huyu rufaa, andikeni pia kwamba figo zake zipimwe, wala asirudishwe nyumbani kabla hazijapimwa.